NYUMBA ZETU: NAKSHI ZA KALIBU



Siku chache zilizopita tulikaribishwa chakula kwa rafiki yetu mmoja. Ukumbini tukaonyeshwa kasha la marehemu bibi yao, ambalo binti wa nyumba alikuwa amelipamba kwa mikono yake. Alinunua kalibu za mpira laini, akamimina jasi ndani yake, akazibandika nakshi juu ya mfuniko, kisha akazipaka rangi ya dhahabu. Kazi ilikuwa safi. Lakini katikati ya maua palikuwa na vichwa viwili vya simba. Sisi tulikunja uso, tukasema mbele ya wageni maneno tusiyoyapima. Binti akaondoka akilia, na baba yake akaapa kulipasua kasha lile kuni.

Usiku ule usingizi haukutujia. Tulisema kweli, lakini hatukuisema kwa njia yake. Asubuhi tukarudi, na leo twaandika tuliyoyaeleza huko, huenda yakawafaa na wengine.

Kwanza, pambo silo lililoharamishwa. Katika Suratul Aaraf, aya ya 31 na ya 32, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kujipamba, akatukataza israfu, na akawahoji wanaoliharamisha pambo alilowatolea waja wake. Wala kalibu si jambo geni kwa Waislamu. Khalifa al-Mu'tasim alipouanzisha mji wa Samarra huko Iraki mwaka 836, majumba yalikuwa makubwa na kazi nyingi. Mafundi wakatumia kalibu kupiga nakshi za majani katika lipu ya jasi, wakafunika kuta kwa upesi. Katika Alhambra ya Granada vile vile, jasi ilichongwa na pia ikamiminwa katika kalibu. Na katika pwani yetu, nani asiyezijua zidaka za Lamu, zilizonakshiwa kwa lipu ya chokaa?

Pili, kilichokatazwa ni sura ya chenye roho. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba malaika hawaingii nyumba yenye sanamu. Mtu mmoja ambaye riziki yake ilikuwa ni kutengeneza sura alipomwendea Ibn Abbas (r.a.), alielekezwa kwenye miti na visivyo na roho. Tena imepokewa kwamba Jibrili (a.s.) alizuiliwa na sanamu kuingia nyumbani kwa Mtume, akashauri ikatwe kichwa ili iwe kama mti. Basi dawa ya simba wale ilikuwa patasi, wala haikuwa moto.

Tatu, na hili latuhusu sisi walimu kabla ya wengine: bedui alipokojoa msikitini, Mtume (s.a.w.) aliwazuia watu wasimkatize, akaamuru pamwagwe ndoo ya maji, kisha akamfundisha kwa upole. Ikiwa hivyo ndivyo alivyofunzwa mtu yule ndani ya nyumba ya Mwenyezi Mungu, je, binti mdogo ndani ya nyumba ya baba yake?

Tulimwomba radhi mbele ya wazee wake. Akatusamehe, akaleta patasi, akawabandua simba. Kisha akatuonyesha namna ya kazi yake, nasi twawapa vijana wetu. Jasi hunyunyizwa ndani ya maji, wala maji hayamiminwi juu ya jasi, ili isifanye madonge. Ikorogwe polepole, imiminwe upesi, na kalibu igongwegongwe ili mapovu yatoke. Ikishaganda itolewe, iachwe ikauke kabisa, ndipo ibandikwe na kupakwa rangi. Vumbi lake lisivutwe puani. Na mtoto asitie mkono ndani ya jasi inayoganda, kwani hupata moto wa kuunguza ngozi.

Kazi hii gharama yake ni ndogo, na samani kuukuu huwa kama mpya. Ni bora kuliko kukopa fedha kwa ajili ya makabati ya fahari, kisha watoto wakakosa ada.

Kasha lile lingali ukumbini. Mahali pa simba pana maua mawili, na kila tukipita hapo twakumbuka ulimi wetu.

Wabillahi tawfiq.