Gari kuukuu na trela: lipimwe kwenye mteremko

Mtu akitaka kujua kama Prado au Pajero lake la miaka ishirini linaweza kuvuta trela, swali la kwanza huwa ni injini. Ni ya dizeli? Ni lita ngapi? Itapanda kutoka mtoni hadi Kiriaini bila kuchemsha? Si swali la kijinga. Nchi hii, kutoka mji wa Murang'a kupitia Kangema hadi Kiriaini, kisha Othaya na Nyeri, ni migongo na mabonde yaliyochongwa na mito ya Aberdare, na barabara haimalizi kupanda kabla haijaanza kushuka. Tena hewa ya huku juu ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa hiyo gari likifika Nyeri, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, limekwisha kuacha karibu sehemu moja kati ya sita ya nguvu lilizokuwa nazo Mombasa. Hata hivyo nashikilia kwamba tunaanza kuuliza kutoka upande usiofaa. Injini ikishindwa mlimani, gari husimama na abiria hushuka kutafuta mawe ya kukingia magurudumu. Breki zikishindwa mteremkoni, hakuna anayepata nafasi ya kushuka.

Tuangalie mzigo wenyewe. Karavani za kulala za wasafiri ni chache kwetu, ingawa wako wanaovuta vifaa vya kambi kuelekea Naro Moru na Nanyuki. Trela tulilolizoea hubeba hema na viti vya harusi au matanga, nyasi za ng'ombe, au tangi la maji. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja kamili, kabla hujahesabu chuma cha trela. Ongeza gari la tani mbili na waliomo, umevuka tani 3. Uzito huo ukiteremshwa mita 250 hadi darajani kwa breki peke yake, joto linalozaliwa kwenye pedi na ngoma za breki linatosha kuchemsha mtungi wa lita 20 wa maji baridi. Ndiyo maana mtu anayesema "mimi huenda polepole" hajajibu hoja nzima. Mwendo mdogo unasaidia sana ukihitaji kusimama ghafla, lakini urefu wa mteremko haupungui kwa sababu dereva ana subira. Joto la kimo hicho lazima liende mahali, na mahali pake ni pawili: breki au injini.

Breki za gari kuukuu huwa na adui asiyeonekana. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi. Yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka ndani ya mfereji hugeuka mvuke, na mvuke hubonyea, kwa hiyo pedali huzama mpaka sakafuni bila gari kushikika. Hakuna sauti wala taa ya kukuonya mapema. Chupa ya mafuta mapya na saa moja ya fundi, kila baada ya miaka miwili, ni gharama ndogo kuliko redio ambayo wengi hutangulia kuinunua. Njia ya pili ya joto ni injini: shuka kwa gia ileile ambayo ungepandia, na kwenye otomatiki la zamani zima ovadraivu, kisha teremsha gia mwenyewe. Kinyume chake ni ule mtindo wa kutoa gia ili kuokoa mafuta, uliolipa eneo la Salgaa jina baya la ajali kwa miaka mingi. Na kwa upande wetu wa Mlima Kenya tuna daraja la Nithi, ambako Julai 2022 basi lilitumbukia na watu zaidi ya 30 wakafa. Hitilafu ya breki ilitajwa tangu mwanzo.

Wako watakaosema magari haya yaliumbwa kwa kazi ngumu, na kwamba yamevuta miaka yote bila neno. Kweli, mengi yalijengwa imara. Lakini uwezo ulioandikwa na mtengenezaji ni wa gari jipya, na mara nyingi ni takwimu mbili: moja ya trela lenye breki zake, nyingine, ndogo sana, ya trela lisilo nazo. Sisi hukariri ile kubwa. (Sishangai: magari mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na kitabu chake, kama kipo, kimeandikwa Kijapani.) Ulaya trela linaloruhusiwa kufikisha zaidi ya kilo 750 pamoja na mzigo ni lazima liwe na breki zake lenyewe. Mimi naona mpaka huo utufae hata bila askari wa kutulazimisha, kwa kuwa miteremko yetu ni mikali kuliko ya Uholanzi.

Pingamizi zito zaidi ni la pesa. Trela lililochomelewa jua kali ni rahisi, na kuliongezea breki ni gharama inayouma kwa mwenye biashara ya viti na hema. Sitaki kulipuuza hilo. Lakini breki za kujisukuma, ambazo hufanya kazi trela linapoegemea gari kwa mbele, ni za vyuma na kebo, wala hazihitaji umeme wala kompyuta, na fundi mzuri anaweza kuzielewa. Asiyeweza kuzimudu apunguze mzigo. Hapo kuna mtego mmoja: tangi kubwa lililojazwa nusu si nafuu, maana maji hucheza na kulisukuma trela huku na huku kwenye kona. Heri tangi la lita 500 lililojaa, na safari mbili.

Upangaji wa mzigo hauna gharama yoyote, nao ndio unaopuuzwa zaidi. Nguzo za hema zikining'inia nyuma, ulimi wa trela huwa mwepesi, na kwa mwendo kidogo tu trela huanza kuchapa mkia. Mzito uwe juu ya ekseli au mbele yake kidogo, ili ulimi uegemeze kwenye gari kilo 50 hadi 100 kwa kila tani, bila kuzidi kiwango cha chuma cha kuvutia. Mizani ya jukwaa ya kupimia magunia ya viazi sokoni inatosha kwa kazi hiyo. Likianza kuchapa mkia, ondoa mguu kwenye mafuta na ushike usukani ukiwa umenyooka. Usikanyage breki kwa hofu. Angalia pia ubavu wa tairi, za trela hasa, ambazo hukaa juani miezi bila kutembea: tarakimu 2315 maana yake ni tairi iliyotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2015, na mpira wake umezeeka hata kama kashata zake bado ni nene.

Sheria ya Kenya hulipa trela namba yake yenyewe, inayoanza na Z, kwa sababu ni chombo kinachojitegemea barabarani. NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, wakilikagua, wasiishie kwenye taa na namba. Nawe unayepanga kufunga trela Jumamosi hii, mwambie fundi wako afungue breki za gurudumu la nyuma mbele ya macho yako, akuonyeshe kilichobaki ndani.