Mumiani hatoki kaburini

KAULI YA JUMAPILI
Na Rashidi Mwinchande

Ukimuuliza mtu jina la Kiswahili la yule mnyonya damu wa filamu za Kizungu, mwenye joho jeusi na meno ya pembeni marefu, atakujibu haraka: mumiani. Naona jibu hilo linatupotosha. Yule wa Ulaya ni maiti. Mumiani ni mzima wa afya, ana gari, ana bosi, na mwisho wa mwezi anapokea mshahara. Hapo ndipo pa kuanzia kama tunataka kujua hofu hizi mbili zilizaliwa wapi.

Tumtazame kwanza wa Ulaya. Mwaka 1725, katika kijiji cha Kisiljevo huko Serbia, ambako wakati ule Austria ndiyo iliyotawala, alifariki mwanakijiji aitwaye Petar Blagojević. Muda si mrefu wakafa wengine tisa ndani ya siku nane, wakisema kabla ya kukata roho kwamba Petar aliwajia usingizini akawakaba koo. Wanakijiji wakamshikilia ofisa wa serikali, Frombald, mpaka akakubali kushuhudia kaburi likifukuliwa. Ripoti yake ikachapishwa gazetini Vienna: ngozi ya zamani imebabuka na chini yake inaonekana mpya, kucha na nywele kama zimeota, mdomoni damu mbichi. Wakamchoma kwa mti uliochongwa, damu ikamtoka masikioni na mdomoni, kisha wakamteketeza. Daktari wa maiti hashtuki leo akiona hayo. Gesi ya tumboni husukuma majimaji mekundu hadi mdomoni, ngozi ya juu hujivua, na nyama ikisinyaa kucha huonekana zimerefuka. Macho ya wanakijiji wale hayakuwadanganya. Maelezo tu ndiyo hawakuwa nayo.

Hofu yetu haikuanzia kwenye maiti, ilianzia kwenye dawa. Neno mumiani asili yake ni Uajemi, na lilitaja kitu cheusi kama lami kinachotoka miambani. Waarabu, Wahindi na Waswahili walikipaka kwenye mfupa uliovunjika, au walikiyeyusha kwenye samli wakakinywa. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inayaeleza hayo, kisha inaongeza kwamba wenyeji wengi waliamini kitu hicho ni damu ya watu iliyogandishwa, na uvumi ukizuka kuwa mumiani inatafutwa, mji mzima hujifungia jua likizama. Sikiliza ngeli: mumiani inatafutwa. Leo tunasema mumiani anatafuta. Dawa imegeuka mtu! Na msomaji asidhani kumgeuza binadamu dawa ni wazo la Waswahili pekee. Neno hilohilo lilifika Ulaya, likabandikwa kwenye maiti za kale za Misri zilizokaushwa, na kwa karne kadhaa wauza dawa wa huko walizisaga na kuwauzia wagonjwa wao.

Ukoloni ndio uliompa mumiani sare. Nairobi na Kampala aliitwa wazimamoto, kwa jina la kikosi chenyewe cha zimamoto. Bara la Tanganyika akawa chinjachinja, Katanga mutumbula. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uvumi huu, alikusanya simulizi za wazee kuhusu watu waliodaiwa kukamatwa usiku, kufichwa shimoni na kukamuliwa damu kwa ajili ya Wazungu. Waajiriwa wenyewe, kwenye simulizi hizo, ni Waafrika. Mimi nazisoma kama habari za kazi: nani kaajiriwa, analipwa kwa kufanya nini, mbona ana gari na haelezi anakokwenda. Wakati huohuo waganga wa serikali walikuwa wakiwatoboa watu vidole kupima malale, na aliyetobolewa mara nyingi hakuambiwa damu yake inapelekwa wapi.

Kuna atakayesema huu ni ujinga tu, na shule ndiyo dawa yake. Sikubali. Ujinga ungezaa hofu yoyote ile, mathalani ya maiti, kama kule Serbia. Hapa hofu imekwenda moja kwa moja kwa mgeni mwenye gari, chupa na daftari, na lazima pawe na sababu. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba kuueleza uvumi hivi ni kuutetea. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, watumishi watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliitwa wanyonya damu, wakauawa, na gari lao likachomwa moto. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Hakuna historia inayoufuta uhalifu ule, na sitafuti kuufuta. Lakini aliyeridhika na neno ujinga atatuma gari jingine kesho vilevile, bila taarifa. Enyi wakuu wa taasisi, kabla gari halijaondoka, mtangulizeni mtu. Aitishe mkutano wa kijiji, aonyeshe chupa na koleo, aseme kinachochukuliwa ni nini, kinapelekwa wapi, na majibu yatarudi lini.