Pumzi na mavumbi ya Kajiado

Filamu ya Pumzi ya Wanuri Kahiu, iliyotoka 2009, ni ya dakika 20 hivi tu, lakini inamgusa mtazamaji wa Kitengela, Kajiado, kuliko filamu nyingi ndefu. Dunia yake imekauka baada ya vita vya maji. Watu wamejifungia ndani, na hata jasho na mkojo wao husafishwa ili wanywe tena.

Kajiado inaijua kiu hiyo. Katika ukame wa 2022 mizoga ya ng'ombe ilitapakaa malishoni, na wafugaji waliohesabiwa kuwa matajiri wakabaki na fimbo mkononi. Mjini Kitengela, wapangaji wa ghorofa hungoja lori la maji wakiwa wamepanga mitungi mlangoni.

Mwishoni mwa filamu, mhusika mkuu, Asha, anaumwagia mche alioupanda maji yake ya mwisho, kisha anajilaza kando yake aukinge jua.

Hapo Mkristo na Mwislamu hukumbushwa jambo moja: mwili ulitoka udongoni na utarudi huko. Makanisa na misikiti ya Kitengela iwaonyeshe vijana filamu hii, kisha iwagawie miche waipande mvua za vuli zikianza.