Misuli ya Mwanamke na Kioo Kisichotaka Kuiona

Siku ya soko Tengeru, anayewahi alfajiri huwaona akina mama wakishuka kutoka vijiji vya mteremko wa Mlima Meru, mikungu ya ndizi vichwani, na baadhi yao wakiwa na mtoto mgongoni. Shingo zao zimekakamaa, mikono imeshupaa, miguu imejaa kama ya mwanariadha. Sijapata kumsikia mtu akiuliza iwapo wanawake hao bado ni wanawake, wala hakuna anayezihofia ndoa zao. Misuli ile inakubalika, tena inasifiwa, kwa kuwa inabeba mzigo wa nyumba.

Asubuhi hiyohiyo, upande wa pili wa mji, juu ya Ngaramtoni, wapo wasichana wanaokimbia kwenye njia za vumbi. Mapafu yao yamezoea hewa nyepesi ya miinuko hii, na miguu yao imejengwa kwa nidhamu ambayo wengi wetu tusingeimudu hata kwa juma moja. Hao ndio wanaotupiwa maneno kutoka vijiwe vya bodaboda: kwamba wamekauka, kwamba wamegeuka madume, kwamba watakosa wa kuwaoa. Misuli ni ileile. Tofauti ni kwamba hawa wameijenga kwa hiari yao na wanataka itambuliwe kwa jina lao.

Nakumbuka Jumapili moja niliingia katika mgahawa mmoja mjini Arusha, nikamwomba kijana mwenye rimoti anitafutie mbio za marathoni za wanawake. Alinitazama kwa upole, kama atazamwavyo mzee aliyepotea njia, akaniambia: "Mwalimu, hapa watu wanafuata mpira. Nikiwaweka hao kina dada, wateja watahama." Kwenye kioo palikuwa na marudio ya mechi ambayo matokeo yake kila aliyeketi pale aliyajua tangu juma lililopita.

Jibu la kijana yule ndilo jibu tunalopewa na wakubwa wa vituo vya televisheni, kwa maneno yenye tai na koti: soko halitaki. Ninataka kulipima jibu hilo kwa kutumia mchezo ambao wengi wetu hatuufikirii kabisa, yaani mashindano ya wanawake ya kutunisha misuli. Historia yake kwenye televisheni ya Marekani inaonyesha waziwazi jinsi "soko" linavyotengenezwa na watu wenye majina na vyeo.

Shindano kuu la mchezo huo kwa wanawake, Ms. Olympia, lilianza mwaka 1980, na mshindi wa kwanza alikuwa Rachel McLish. Katika muongo ule televisheni za michezo za Marekani zilikuwa na njaa ya maudhui, na wanawake hao walipata nafasi. Mwaka 1991 kituo cha ESPN kilirusha shindano hilo mubashara. Lenda Murray alimshinda Bev Francis wa Australia, mwanamke aliyekuwa na misuli ambayo watazamaji hawakuwa wamewahi kuiona kwenye mwili wa kike. Mwaka uliofuata shirikisho la mchezo lilikuja na miongozo ya "ukike", likiwataka waamuzi wawapunguzie alama wanawake waliojaa misuli kupita kiasi.

Msomaji na atafakari jambo hilo. Ni mashindano ya kutunisha misuli, na mshindani anaadhibiwa kwa kuwa na misuli mingi. Ni sawa na kumkata alama mkimbiaji kwa sababu amekimbia mno.

Mambo hayakuishia hapo. Kwa mashindano ya mwaka 2005, shirikisho lilitoa agizo kwamba wanawake wapunguze misuli yao kwa asilimia 20. Wakati huohuo vilianzishwa vitengo vipya vyenye kutafuta umbo jepesi zaidi: mwaka 2003 likaja shindano la umbo, na mwaka 2010 likaja la bikini. Wadhamini, majarida na kamera vilihamia huko. Baada ya shindano la mwaka 2014, Ms. Olympia lenyewe lilifutwa, ingawa Iris Kyle alikuwa amekwisha kulitwaa mara 10. Lilirejea mwaka 2020, baada ya wapenzi wa mchezo kuukataa ukimya huo na kutafuta fedha zao wenyewe.

Wapo watakaosema kwamba wadhamini walikimbia kwa sababu ya dawa za kuongeza misuli. Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi. Dawa hizo zimeua watu na kuharibu afya za wengi, wanawake kwa wanaume. Lakini kama dawa ndiyo sababu, kwa nini shindano la wanaume, Mr. Olympia, halikufutwa hata siku moja? Wanaume walizidi kuwa wakubwa mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyewaandikia waraka wa kupunguza asilimia 20. Sababu ya afya ilitumika kwa jinsia moja tu, na sababu inayotumika hivyo inastahili kutiliwa shaka.

Turudi nyumbani. Sisi hatukuwa na dhahabu hiyo ya miaka ya 1980 ya kupoteza. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, lakini Bara tulisubiri hadi mwaka 1994 kituo cha ITV kilipoanza. Theresia Dismas alipoleta medali ya fedha ya kurusha mkuki kutoka Michezo ya Afrika ya mwaka 1965 huko Brazzaville, akiwa mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata medali katika mashindano ya kimataifa, hapakuwa na kioo chochote nchini cha kumwonyesha. Hiyo ni bahati mbaya ya wakati, na hatuwezi kumlaumu mtu.

Leo kioo kipo kila mahali. Katika miaka ya 2012 na 2013 tulizima mitambo ya analojia, tukanunua ving'amuzi, tukaahidiwa wingi wa chaneli. Wingi umekuja kweli, ila mbio kubwa za dunia zimejifungia kwenye vifurushi vya kulipia, na fedha ya haki za matangazo imefuata mpira wa miguu wa wanaume. Mwaka 2021 Shirikisho la Soka na Azam walitia saini mkataba wa miaka 10 wa Ligi Kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Siuonei wivu mkataba huo, kwa sababu umeinua ligi yetu na kuwapa vijana wengi ajira. Ninachouliza ni nini kimebaki kwa michezo mingine, na hasa kwa wanawake walio ndani ya michezo hiyo.

Septemba 2023 Magdalena Shauri alimaliza wa tatu katika marathoni ya Berlin kwa saa 2:18:41, akaandika rekodi mpya ya taifa. Ni mbio zilezile ambazo Tigist Assefa wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia. Nilipoingia darasani juma lile niliwauliza wanafunzi zaidi ya mia moja ni nani aliyesikia jina lake. Ilinyooshwa mikono minne. Theresia Dismas hakupata hata mmoja. Miaka miwili baadaye, Septemba 2025, Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03, nchi nzima ilisimama, na ilistahili kusimama. Lakini ushahidi huo unaipinga hoja ya soko. Watanzania wanaipenda riadha wanapoonyeshwa. Ni nani aliyeamua kwamba wataipenda ya mwanamume pekee?

Nadhani hapa ndipo suala la mwili linapoingia. Agosti 2021, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwapokea Ikulu vijana wa timu ya soka ya chini ya miaka 23, aliwagusia wachezaji wa kike. Alisema wapo wenye vifua bapa ambao mtu angeweza kuwadhania wanaume, na kwamba kwa baadhi yao ndoa ni kama ndoto. Kwa haki, aliyasema hayo katika mazungumzo ya kuhofia maisha ya wachezaji baada ya kustaafu, na hofu hiyo ni ya kweli. Hata hivyo kauli ile ilitufunulia jambo lililo ndani yetu sote, si la mtu mmoja: mwanamke wa michezo bado anapimwa kwanza kama mchumba, kisha ndipo anapimwa kama mchezaji. Waraka wa asilimia 20 ulisema jambo hilohilo kwa lugha ya kanuni. Mhariri wa michezo anapochagua picha ya mchezaji wa kike aliyevaa gauni badala ya ile aliyokunja uso akivuka mstari, analisema tena bila kufungua kinywa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wakubwa wa vituo huipenda methali hiyo. Lakini chema hujiuza kikiwa kimewekwa sokoni. Mama wa Tengeru akifungiwa ndizi zake ghalani, hata zikiwa tamu namna gani, jioni atahesabiwa kuwa hana wateja. Angalieni soka la wanawake: Ligi Kuu ya Wanawake ilipoanza msimu wa 2016/17 wengi walicheka. Baadhi ya mechi zikaanza kuonyeshwa, majina yakajulikana, na mwaka 2022 Serengeti Girls walipofika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 nchini India, watu waliwaita kwa majina yao. Kuonyeshwa kulitangulia, upenzi ukafuata.

Kwa nini nalishikilia jambo hili wakati nchi ina mambo mazito zaidi? Kwa sababu kamera ni mshahara. Mdhamini hulipa kwa kipimo cha macho. Mkimbiaji asiyeonekana hana viatu vipya, hana daktari wa kumtazama goti, hana sababu ya kumwambia baba yake asimwoze akiwa na miaka 17. Katika familia nyingi za ukanda huu, ushahidi pekee ambao ungemshawishi mzazi ni kumwona binti wa jirani kwenye televisheni.

Basi nina mapendekezo matatu, nikiwaelekeza hasa wale wasomaji wangu walioko ofisini. Kwanza, TBC ni chombo cha umma kinachoendeshwa kwa fedha za umma, zikiwemo za akina mama wa Tengeru. Kitengewe muda wa kudumu kwa michezo ya wanawake katika saa ambazo watu wako macho, na taarifa ya utekelezaji iwekwe wazi kila mwaka. Pili, Riadha Tanzania na Baraza la Michezo la Taifa wauze haki za matangazo ya mashindano ya wanaume na wanawake kwa pamoja, ili anayetaka moja alazimike kulionyesha na jingine. Mashindano ya wanawake watupu yaliyoanzishwa mwaka 2017 kwa jina la Ladies First yalithibitisha kwamba washiriki wapo. Tatu, Arusha inapojiandaa kwa AFCON ya 2027 na uwanja wake wa Olmoti, halmashauri isiusahau uwanja wa Sheikh Amri Abeid na njia za mazoezi za mlimani, ambako medali zimekuwa zikitengenezwa bila kelele.

Kwa wanafunzi na wanaharakati sina pendekezo kubwa. Jumapili ijayo, mkiketi mahali penye televisheni na mbio za wanawake zikiwa zinaendelea mahali fulani duniani, mwombeni mwenye rimoti awawekee. Atakataa mara ya kwanza, kama nilivyokataliwa mimi. Nilirudi tena mara ya tatu nikiwa na wenzangu sita, tukaagiza chai na chapati za kutosha, akaweka. Hakuna mteja aliyehama.