NI CHURA TU, SHEIKH?

Bismillahir Rahmanir Rahiim.



Ijumaa iliyopita nilihutubu juu ya viumbe ambao Allah amewaweka huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Baada ya swala kijana mmoja akanifuata pale tunapovaa viatu, akaniambia kwa adabu: "Sheikh, watu wana ada za watoto, mbolea imepanda bei, na wewe unatuhubiria chura?" Sikumkasirikia. Nilimjibu kwa ufupi maana alikuwa anawahi kazini. Leo namjibu kwa urefu, na wewe unayesoma sikiliza.

Kwanza nikiri kosa langu. Miaka ile yalipowekwa mabomba ya kunyunyizia maji kule Kihansi, nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Tulikaa barazani tukasema, ajabu hii, chura anaogeshwa na mama zetu bado wanachota maji mtoni! Tulicheka mpaka machozi. Astaghfirullah. Nilicheka jambo nisilolijua.

Kisa chenyewe ni hiki. Mto Kihansi unatoka nyanda za juu za Iringa na kuporomoka kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa kuelekea bonde la Kilombero. Maporomoko yale yalikuwa yakirusha manyunyu usiku na mchana, miaka na mikaka. Ndani ya manyunyu hayo, kwenye eneo la hekta chache tu, Allah alimweka chura wa rangi ya dhahabu asiyefika hata sentimita 3. Hatagi mayai majini kama chura unaowajua, bali anazaa vitoto vilivyokamilika. Hakuna mahali pengine duniani alipowahi kukutwa akiishi.

Wataalamu walimtambua mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umeshaanza. Mwaka 2000 mitambo ya megawati 180 ikaanza kazi. Maji mengi yakageuzwa kupitia handaki, maporomoko yakanyamaza, manyunyu yakakauka. Ndipo yakaja yale mabomba tuliyoyacheka. Yalisaidia kwa muda, kisha mwaka 2003 chura wakapukutika, na ugonjwa wa kuvu ukatajwa kati ya sababu. Mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba porini hayupo tena.

Kilichomwokoa ni kwamba mwaka 2000 walikuwa wamechukuliwa chura 499 wakapelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Huko nako walikufa mpaka wakabaki chini ya mia, kisha wakaanza kuzaana. Mwaka 2010 wakarudishwa 100 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa Kihansi. Tafakari, ndugu yangu. Kiumbe wa Iringa alipanda ndege kwenda kulelewa ugenini kwa sababu nyumbani kwake hapakukalika.

Sasa dini inasemaje?

Katika Suratul An'aam Allah anatufundisha kwamba wanyama watembeao na ndege warukao ni umma mfano wetu. Na Mtume wetu (S.A.W) alipoulizwa na tabibu juu ya kumtia chura katika dawa, alikataza asiuawe, kama alivyopokea Abu Daud. Chura huyu huyu tunayemdharau ametajwa mbele ya Mtume na akapewa heshima yake.

Iko pia hadithi katika Bukhari na Muslim ya Nabii mmoja wa zamani aliyeng'atwa na sisimizi, akaamuru kijiji chao chote kichomwe. Allah akamlaumu: aliyemng'ata ni mmoja, naye kaangamiza umma uliokuwa ukimsabihi Mola wake. Ikiwa Nabii alilaumiwa kwa kijiji kimoja cha sisimizi, mimi na wewe tutajibu nini kwa umma mzima uliokuwa na kijiji kimoja tu duniani?

Nieleweke vizuri. Sisemi umeme ni haramu. Kipaza sauti cha adhana kinatumia umeme, na mama anayejifungua usiku anahitaji taa. Kosa ninaloliona ni la mpangilio: tulijenga kwanza, tukauliza baadaye nani anaishi pale. Mwenye amana huuliza kabla hajashika jembe.

Wa Mbeya usidhani kisa hiki ni cha Iringa peke yao. Sote tunaye kipunji. Tumbili huyu mwenye kishungi cha nywele na mkia mrefu, wenyeji wa Rungwe walimjua kwa jina hilo hilo. Wanasayansi walimfikia mwaka 2003 katika misitu ya Rungwe na Kitulo, na mwaka 2004 wengine wakamkuta Ndundulu, Udzungwa, mkoani Iringa. Mwaka 2006 ikaonekana ana jenasi yake peke yake. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria wapo 1,117 tu. Swafu za Idi katika mji mmoja zina watu wengi kuliko hao. Adui zake ni msumeno, mkaa na mitego.

Hapa naomba mnivumilie, maana nami nimo. Miaka kadhaa iliyopita msikiti wetu uliezekwa kwa mbao tulizoletewa alfajiri kwa bei ya kutupwa. Nilijua mbao halali haziletwi gizani. Nikanyamaza, nikasema ni nyumba ya Allah, Yeye ni Mwingi wa kusamehe. Mpaka leo nikiinua uso kuomba dua naziona. Allah ni mzuri, hapokei ila kilicho kizuri. Nimeiambia kamati hadharani: paa la jengo la madrasa tunalochangia sasa, hata likichelewa mwaka, mbao zake zitakuwa na kibali.

Kijana wangu, ulinitajia mbolea na njaa. Misitu anamolala kipunji ndiyo inayotunza maji ya mito inayonywesha mashamba yetu. Ikiisha, mbolea utaiweka kwenye vumbi.

Basi tufanye haya:

1. Ukinunua mkaa au mbao, uliza vimetoka wapi. Kujifanya hujui hakukutoi kwenye dhambi.

2. Tuache mitego ya nyaya msituni. Mnyama aliyenyongwa na waya ni mfu, haliwi, na nyama ya tumbili wanazuoni wengi wameiharamisha. Basi unamuua kwa faida gani? Akiingia kwenye mahindi, mfukuze, weka mlinzi.

3. Walimu wa madrasa, wafundisheni watoto majina ya viumbe wa kwao. Mtoto anamjua sisimizi wa Nabii Sulaiman, amjue na chura wa Kihansi.

Siku ya Kiyama kila mwenye amana ataulizwa amana yake. Ewe Allah, tusamehe tulichokiharibu kwa ujinga na tulichokiharibu kwa kujua, na utupe uwezo wa kutengeneza kilichobaki. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq. Mfikishie na mwenzako, hasa yule mwenye msumeno.