Kiungo cha Somo Si Somo Lenyewe



Zamani mwalimu wa afya alipokuja kutufundisha, tulimwona tangu mbali akiwa amebeba bango kitita begani. Siku hizi anakuja na simu tu. Somo zima, picha pamoja na maelezo, limefika kwenye kikundi cha WhatsApp kwa mstari mmoja wa herufi za buluu, na chini yake maneno mawili: bonyeza hapa. Mstari huo ndio kiungo, au linki kama wengi tunavyoiita. Si kiungo cha mwili wala cha mchuzi. Ni anwani tu, inayoielekeza simu mahali somo lilikohifadhiwa kwenye mtandao.

Shida huonekana siku ya kipindi. Akina mama wameacha shamba la uwele, wengine wametembea mwendo mrefu wakiwa na watoto mgongoni. Mwalimu anabonyeza. Duara dogo linazunguka, linazunguka. Mara inakuja picha nusu, au maneno yamepandana, au sauti haitoki kabisa. Baada ya nusu saa kiongozi anasema tuimbe pambio, na somo linaahirishwa. Mwezi huu napenda tulitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu dawa yake ipo na haihitaji fundi.

Kwa nini jambo hili si dogo

Chukueni mfano wa trakoma, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita vikope. Hapa nyanda za kati umetutesa kwa vizazi. Vijidudu vyake hupita kwa vidole, kwa vitambaa vya kufutia uso na kwa nzi wanaofuata matongotongo ya watoto. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara, kovu huvuta kope zikageukia ndani, na baada ya miaka mingi kope hizo hukwaruza jicho hadi upofu. Wanawake hupofuka zaidi kuliko wanaume, kwa kuwa ndio wanaokaa karibu na watoto.

Mwaka 1995 jarida la udaktari la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika wilayani Kongwa. Vijiji 6 vilipewa dawa ya macho. Katika 3 kati ya hivyo, pamoja na dawa, wananchi walishirikishwa katika kampeni ya kuwanawisha watoto uso. Ilipopimwa baadaye, trakoma kali ilikuwa ndogo zaidi kwa watoto wa vijiji vilivyokuwa na kampeni. Maana yake ni kwamba mafundisho yaliongeza kitu ambacho dawa peke yake haikukileta. Mama aliyeona na kuelewa kwamba maji kidogo yanatosha kunawisha uso alikuwa sehemu ya tiba.

Basi somo la picha 12 kuhusu vikope lisipofunguka, hatujapoteza umeme na bando tu. Tumepoteza saa moja ya akina mama 40, na huenda saa hiyo isipatikane tena mpaka mavuno yapite.

Waliotutangulia walifanyaje

Katika miaka ya 1960 daktari mmoja Mwingereza, David Morley, ambaye alikuwa amefanya kazi Nigeria, alianzisha shirika la TALC kwa ajili ya kuwapatia wahudumu wa afya wa nchi zetu vifaa vya kufundishia kwa bei nafuu. Miongoni mwake zilikuwemo slaidi, yaani picha ndogo za filamu zilizomulikwa ukutani kwa taa. Slaidi hizo zilikuja zikiwa seti, pamoja na maelezo ya kila picha.

Angalieni hekima yake. Picha zilikuwa mkononi, na maneno yalikuwa mkononi. Hapakuwa na kitu cha kuitwa kutoka mbali saa ile ya kufundisha. Kampuni ya Kodak iliacha kutengeneza projekta za slaidi za namna hiyo mwaka 2004, na leo tunatumia programu kama PowerPoint. Chombo kimebadilika, lakini hekima ile bado inatufaa.

Kwa nini somo hukataa

Mara nyingi sababu ni mojawapo ya hizi nne.

Kwanza, mlango umefungwa. Aliyetuma ameliweka somo kwenye mtandao lakini hakuruhusu watu wengine walione. Simu yako itakuambia uombe ruhusa. Hapo kosa si lako wala si la simu yako.

Pili, somo limefunguka katika hali ya kuandikwa, si ya kuonyeshwa. Unaona slaidi kubwa katikati, nyingine ndogo pembeni na vitufe vingi juu. Au simu haina programu ya kulisoma faili hilo, hivyo inaonyesha maandishi yaliyovurugika.

Tatu, sauti na video hazimo ndani ya somo. Mwandishi aliziacha kwenye kompyuta yake au mahali pengine mtandaoni, na ndani ya slaidi akaweka alama tu ya kuzielekea. Kwake zinacheza vizuri, kwako hazipo. Tena, tangu mwaka 2018 kivinjari cha Chrome kwa kawaida huzuia sauti kuanza yenyewe mpaka mtu aguse ukurasa. Kwa hiyo ukiona kimya, gusa kwanza alama ya kuchezesha kabla ya kulaumu spika.

Nne, mtandao ni dhaifu. Picha zilizopigwa kwa kamera nzuri huwa nzito, na somo lenye picha 20 za namna hiyo haliwezi kupita upesi kijijini.

Kwa mama anayetuma somo

Ikiwa wewe ndiwe unayeandaa, kazi kubwa iko kwako, wala si kwa wanaopokea.

1. Fungua mlango. Kwenye sehemu ya kushiriki, chagua kwamba yeyote mwenye kiungo aweze kuona. Kuona tu, si kubadilisha. Kisha jaribu kiungo hicho kwa simu ya mtu mwingine. Simu yako inakujua, hivyo haiwezi kukuambia ukweli.

2. Kama somo liko Google Slides, itazame anwani yake mwishoni. Utaona neno edit. Lifute pamoja na herufi zote zinazolifuata, uandike present. Anayebonyeza ataona slaidi zikiwa zimejaa kioo chote, tayari kuonyeshwa.

3. Kama unatumia PowerPoint, faili la kawaida huishia na herufi pptx. Ukilihifadhi kwa aina ya onyesho litaishia na ppsx, na likifunguliwa kwenye kompyuta yenye programu hiyo huanza kuonyesha moja kwa moja.

4. Ingiza sauti na video ndani ya faili lenyewe, usiweke alama ya kuelekea kwingine. Punguza ukubwa wa picha kabla ya kutuma.

5. Njia iliyo salama kuliko zote ni kuligeuza somo. Lisilo na sauti ligeuze kuwa PDF, kwani takriban kila simu huifungua na maandishi hayahami mahali pake. Kumbuka tu kwamba PDF haitachezesha sauti wala picha zinazotembea. Somo lenye sauti ligeuze kuwa video ya MP4. PowerPoint yenyewe inaweza kufanya hivyo. Kisha tuma faili hilo kwenye kikundi kama hati, ili kila mtu alipakue akiwa na mtandao.

Kwa mama anayepokea

Usingoje siku ya kipindi. Siku mbili kabla, ukiwa mjini au mahali penye mtandao mzuri, fungua kiungo na upakue somo likae kwenye simu. Halafu fanya jaribio moja ambalo halidanganyi: zima data, kisha fungua somo tena tangu slaidi ya kwanza hadi ya mwisho. Likifunguka lote, na sauti ikasikika, unalo somo. Likikataa, ulichonacho bado ni anwani tu.

Baada ya hapo liweke pia kwenye flashi, maana simu huweza kuzimika au kuanguka. Uliza mapema projekta ya kanisa inatumia waya wa aina gani. Projekta za zamani hupokea waya wa VGA, na kompyuta nyingi mpya zina tundu la HDMI tu, hivyo huenda ukahitaji kiunganishi kati yake. Chapisha slaidi 5 au 6 zilizo muhimu kwenye karatasi kubwa. Umeme ukikatika, karatasi haitakatika.

Na neno moja la tahadhari. Kiungo cha somo hakihitaji namba yako ya siri ya fedha. Kiungo chochote kinachokuomba namba hiyo, au kinachokuahidi zawadi, ukiache hata kama kimetumwa na mtu unayemfahamu.

Siku ya kipindi

Fika mapema, unganisha vyombo kabla akina mama hawajaketi. Wale wenye watoto wadogo wakae mbele, karibu na picha. Sauti iliyorekodiwa usiitegemee yote. Katika vijiji vyetu wapo bibi zetu wanaoelewa Kigogo vizuri kuliko Kiswahili, na ile sauti haiwezi kusimama ikawaeleza upya. Isimamishe video, ueleze kwa lugha ya nyumbani, uulize kama limeeleweka, kisha uendelee. Usisome slaidi kama risala.

Na kama somo ni la vikope, baada ya slaidi ya mwisho lete kikombe cha maji, umwite mama mmoja na mwanawe, amnawishe uso mbele ya wote. Waone kwa macho yao kiasi cha maji kilichotumika. Huku kwetu, ambako ndoo moja ya maji inagharimu safari, jambo hilo litabaki moyoni kuliko picha yoyote.

Taa na mafuta yake

Katika Mathayo sura ya 25 Bwana wetu anasimulia habari za wanawali kumi. Wote walikuwa na taa. Tofauti yao haikuonekana walipotoka nyumbani, ilionekana usiku wa manane, saa ya kuhitaji mwanga. Kiungo kwenye simu ni kama taa ile. Kila mmoja wetu anayo, na inapendeza mkononi. Mafuta ni somo lililokwisha kupakuliwa, likajaribiwa, likaeleweka na anayelifundisha.

Hakuna haja ya mama yeyote kujiona hana elimu kwa sababu herufi za buluu zimemkatalia. Mwite binti yako au kijana wa kwaya, mkae pamoja jioni moja, mfanye jaribio lile la kuzima data. Atafurahi kuombwa, nanyi mtakuwa mmeandaa pamoja neno la uzima kwa kaya nyingi.

Mungu awabariki, awalindie macho yenu na ya watoto wenu.