Mtoto Akihema, Tusingoje Kukuche

Ndugu msomaji, sisi watu wa Pwani twapenda vitu vichachu. Embe bichi kwa pilipili, ukwaju, achari ya ndimu. Kutoka Malindi hadi Mtwapa twavitafuna kila siku. Lakini, je, umewahi kusikia damu ya mtu imegeuka asidi kwa sababu ya embe?

Haigeuki, kwani mwili una walinzi watatu. Kipimo cha pH cha damu hukaa kati ya 7.35 na 7.45, na hakitakiwi kutoka hapo. Mlinzi wa kwanza ni kemikali zilizomo damuni, kama baikaboneti, ambazo huishika asidi papo hapo. Wa pili ni mapafu. Hewa ya kaboni dayoksaidi ikiyeyuka damuni hufanya asidi, kwa hivyo kila tunapotoa pumzi twapunguza asidi. Wa tatu ni figo, ambazo huitoa asidi kwa mkojo, polepole, kwa saa nyingi na hata siku.

Hayo sote tuliyaandika daftarini na tukapata alama nzuri. Mimi nasema tumeyasoma kikasuku.

Msimu mmoja wa mvua, mtoto wa jirani yetu alishikwa na homa. Usiku akaanza kuhema kwa nguvu, mbavu zikipanda na kushuka kama aliyetoka mbioni, na ilhali amelala tu. Bibi mmoja akasema, "Huyo yuna kifua tu, mfukizeni, kutakucha." Mimi nilikuwapo. Nikanyamaza. Asubuhi alipelekwa hospitali, na alasiri tukamzika.

Simlaumu bibi, maana yeye hakusoma bayolojia. Niliyesoma ni mimi.

Viini vya malaria huvunja chembe nyekundu za damu na kuziba mishipa midogo. Sehemu za mwili zikikosa oksijeni hutengeneza asidi ya laktiki kwa wingi. Mlinzi wa kwanza akizidiwa, na figo hazina mbio, mapafu ndiyo hubeba mzigo. Kule kuhema ni mwili unaopigania uhai wake. Na hata ikiwa kweli ni kifua, yaani nimonia, nayo pia haingoji.

Tena ushahidi uko hapa hapa kwetu. Mwaka 1995 watafiti wa Kilifi walichapisha habari za watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria katika hospitali ya wilaya. Watoto 64 walifariki. Kati ya hao, 54 walikuwa wamepungukiwa na fahamu, au wakipumua kwa shida, au yote mawili. Zaidi ya vifo vinane katika kila kumi vilitokea ndani ya saa 24 za kwanza baada ya kulazwa. Sasa hebu fikiri, anayengoja kukuche amebakisha saa ngapi?

Najua wako watakaosema, "Wewe mwanafunzi wasema tu! Hospitali iko mbali, na usiku gari utalipata wapi?" Ni kweli, barabara za bara huko Ganze na Magarini si za mchezo. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kupatana mapema na mwenye pikipiki, na kuweka akiba ya nauli kabla ya mvua. Mwenye safari ndefu ndiye anayepaswa kuondoka mapema zaidi.

Kwa maoni yangu, chama chetu cha Kiswahili kina kazi hapa. Kila mwaka twatunga mashairi ya mahaba na bahari. Siku ya wazazi ijayo tuigize mchezo mfupi, kwa Kiswahili na Kigiriama, wa kuwafunza wazazi dalili mbili tu: mtoto mwenye homa anayehema kwa nguvu, na mtoto mwenye homa asiyeamka vizuri. Akionekana hivyo, safari ni saa hiyo hiyo.

Wahenga walinena, ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa mtoto anayehema, ngoja ngoja huua.